Usiku wa Picha Nakuru

Mtu wa pwani hakai nje usiku Nakuru. Jua likishatua upepo hushuka kutoka Menengai, ukaingia mwilini hata ukiwa umevaa koti juu ya kanzu. Basi zile siku kumi na mbili nilizokaa kwa mpwa wangu, mtaa wa Bondeni, tulikuwa tukishaswali Isha na kula, tunafunga mlango, tunaketi mbele ya televisheni. Mwenyeji ndiye aliyechagua picha. Mimi kazi yangu ilikuwa kunywa chai na kusema.

Nakiri mapema kwamba si mjuzi wa sinema. Elimu yangu ya jambo hili niliipata Mombasa udogoni, katika kiti cha bei rahisi, nikimtazama Amitabh Bachchan akiwapiga watu kumi peke yake, nami moyoni nikihesabu bakora nitakazopigwa na maalim kwa kukosa chuoni. Kwetu picha ilikuwa ni steringi na adui wake, na kuimba katikati. Sasa mambo yamekuwa mengi.

Ya kwanza waliitaka watoto: ile ya simba, The Lion King, waliyoitoa Wamarekani mwaka 1994. Naivasha si mbali na hapa, na wachoraji wa picha ile walikuja kutazama majabali ya Hell's Gate kabla ya kuchora nchi ya simba wao. Ni picha ya kupendeza, sikatai. Lakini lile neno "hakuna matata" linaniwasha. Mombasa nikikuuliza hali, utanijibu "njema" au "alhamdulillahi", wala hutanitajia matata. Ni Kiswahili cha kumpokelea mtalii, nao Them Mushrooms walikwisha kuliimba mwaka 1982 katika Jambo Bwana. Kampuni ya Disney ikalisajili kwao Marekani kuwa alama yake ya kuuzia nguo, hata mwaka 2018 watu wengi wakatia sahihi kulalamika. Watoto wa mpwa wangu walilisema mara nane kabla ya kulala. Nilihesabu.

Usiku wa pili kijana mkubwa wa nyumba akaniletea picha ya Kichina ya kupigana, imetiwa sauti ya DJ Afro. Msomaji asiyemjua na afahamu kwamba mtu huyu huchukua picha ya watu wengine, akazungumza juu yake tangu mwanzo hata mwisho. Husimulia, huwapa wachezaji majina ya hapa kwetu, huwatilia maneno vinywani na kuwacheka. Vibanda vya vidio vya nchi nzima vimejaa sauti yake. Kiswahili chake kingemliza maalim wangu, maana nusu ni Sheng. Hata hivyo nilitega sikio kama mtunzi, nikaona ana jambo. Anajua wapi pa kunyamaza. Anajua kulirudia neno mpaka likawa kiitikio, na kijana wetu akaitikia kama aliye ngomani. Kuna washairi wenzangu wenye vina na mizani kamili ambao hawajaipata hadhira hiyo hata siku moja.

Picha ya Supa Modo ya mwaka 2018, aliyoielekeza Likarion Wainaina, inaye mtu wa kazi hiyohiyo, msimulizi wa picha kijijini. Ni hadithi ya mtoto wa kike, Jo, ambaye ni mgonjwa wa kufa. Mama yake anamtoa hospitali ili amalizie siku zake nyumbani. Mtoto anapenda picha za mashujaa wanaoruka angani, na kijiji kizima kinakubaliana kumdanganya kwamba yeye naye ana nguvu hizo. Tulifundishwa kwamba uongo ni haramu isipokuwa mahali pachache, na mojawapo ni kupatanisha watu. Sijui hapa ningetoa fatuwa gani. Nilijifanya kikohozi kimenishika, nikaenda nje kwenye baridi.

Kuhusu picha ya Mzee Maruge nina ugomvi. Habari yake ni ya kweli, na ilitokea papa hapa Bonde la Ufa. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kuondoa karo ya shule za msingi mwaka uliotangulia. Alikufa mwaka 2009, na picha, The First Grader, ikatoka mwaka 2010. Aliyemcheza ni Oliver Litondo, ambaye wakubwa wenzangu wanamkumbuka akisoma habari, na amemcheza vizuri mno. Ugomvi wangu ni huu: mzee asiyejua alifu kwa ujiti, aliyekwenda shule ili aweze kusoma barua yake mwenyewe, anazungumza Kiingereza kwa ufasaha picha karibu nzima! Kama angekuwa nacho Kiingereza hicho, nusu ya safari yake ya shule ingekuwa imekwisha. Walioitengeneza walikuwa wakimfikiria mtazamaji wa London. Mzee wa Eldoret hawakumfikiria.

Watatu, ya mwaka 2015, niliikabili nimekunja uso. Sisi tumechoka. Katika picha nyingi kofia ya kiua na kanzu zikitokea tu, muziki hubadilika, na mtazamaji akajua bomu liko karibu. Hii nayo ni ya Mombasa, na nayo inahusu kijana anayevutwa na watu wa siasa kali. Lakini kijana huyu ana jamaa, na wapo wanaomhangaikia. Anaonekana ni mtoto wa mtu. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, leo hukulalamika." Kweli sikulalamika.

Ile niliyoijia hasa katika makala haya ni Something Necessary, ya Judy Kibinge, ya mwaka 2013. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na Nakuru na Naivasha ziliungua mwishoni mwa Januari 2008. Katika picha, mwanamke aitwaye Anne amepoteza mume, mtoto wake ameumia, na anarudi katika shamba lililochomwa ili alijenge upya. Upande wa pili yuko Joseph, kijana aliyekuwa katika kundi la wachomaji, naye hapati usingizi.

Usiku ule alikuwepo jirani, mama wa makamo, aliyekuja kuazima sufuria akakaribishwa chai. Hatukumwambia picha inahusu nini, na hilo ni kosa letu. Alitazama kimya. Moto ulipoonekana alisema kwa sauti ndogo, "Kwetu hakukuwa na kelele. Watu hudhani kulikuwa na kelele." Joseph alipoanza kulizungukia shamba la yule mama, jirani akainuka, akachukua sufuria yake, akaaga kwa adabu na kwenda zake. Mpwa wangu alitaka kuizima. Tukaitazama mpaka mwisho, lakini hakuna aliyetia neno.

Nchi hii imeandika ripoti nene juu ya siku zile. Sidhani kama mama yule amezisoma, wala sidhani vijana wa mitaa yetu wamezisoma. Picha kama hii ingeoneshwa katika kumbi za Nakuru na Eldoret, Kiswahili kikitiwa mahali pa Kiingereza, na watu wa mtaa mmoja wakakaa benchi moja, tungejua kama tunaweza kuitazama pamoja. Nakuru imepewa cheo cha jiji tangu Desemba 2021. Ukumbi haukosi.

Siku ya pili yake, baada ya Magharibi, mlango uligongwa. Ni yule mama, na sufuria ina viazi vilivyopondwa na mahindi. Aliketi palepale alipokuwa ameketi, akauliza kama picha ile bado ipo. Mpwa wangu akaitafuta mpaka pale alipoondokea, akaiacha iende.