Helikopta ya familia: hesabu kilo, usihesabu viti

Kwa nyumba nyingi helikopta ni kitu cha kutazamwa juu, watoto wakipiga kelele, hasa msimu wa kampeni. Lakini zipo familia, za wenye mashamba ya mbali au biashara kubwa, ambazo hujadili kwa dhati kununua moja ndogo. Jina linalotajwa kwanza huwa Robinson R44 ya Marekani, yenye viti vinne, na hapo ndipo hesabu ya wazazi huanza kupinda.

Viti hivyo vinne ni pamoja na cha rubani. Baba, mama na watoto wawili wakiajiri rubani, mmoja wao anabaki nyumbani. Na hata baba mwenyewe akirusha, iko mizani. R44 aina ya Raven II hairuhusiwi kuzidi kilo 1,134. Ukitoa uzito wa helikopta yenyewe na matangi yaliyojaa, zinabaki takribani kilo 325 za watu na mizigo. Baba kilo 95, mama 80, kijana wa kidato cha nne 70, bibi 75: tayari 320. Sanduku la bibi litakaa wapi? Buti hakuna, mizigo huingia chini ya viti. Dawa yake ni kupunguza mafuta, yaani kufupisha safari.

Mwinuko nao una neno. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mzigo ulionyanyuka kirahisi Mombasa huenda ukaisumbua injini pale, hasa jua likiwa kali.

Ndugu yake mkubwa, R66, ana viti vitano na sehemu ya mizigo, na hutumia mafuta yale yale ya ndege kubwa, Jet A-1. R44 hunywa petroli maalumu ya ndege, ambayo Afrika Mashariki haipatikani kila uwanja. Bei ya R66, hata hivyo, iko juu kwa mbali.

Iliyotumika huvutia mfuko, ila R44 hufanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya saa 2,200 za kuruka au miaka 12, hata kama ilikuwa imelala bandani. Inayouzwa rahisi ikiwa na miaka 11 si rahisi hata kidogo. Jambo la kuuliza kabla ya bei ni matangi: za zamani zilikuwa na matangi ya alumini matupu, yaliyoweza kupasuka kwenye ajali na kuwaka. Baadaye yaliwekewa mifuko ya mpira ndani. Kama hayajabadilishwa, mazungumzo yaishie hapo.

Hata hivyo chombo si kila kitu. Helikopta iliyomuua Kobe Bryant, binti yake na wengine saba, Januari 2020 karibu na Los Angeles, ilikuwa Sikorsky yenye injini mbili, kubwa kuliko zote hizi. Wachunguzi walieleza kwamba rubani aliendelea kuruka kwa kuona ndani ya mawingu mpaka akapoteza mwelekeo, huenda kwa kujibana mwenyewe afikishe safari. Baba anayerusha familia yake kuwahi harusi ya shemeji hubanwa zaidi ya hapo. Basi mama apewe haki ya kusema "Baba watoto, leo tunakwenda kwa gari," na lisijadiliwe.

Mtoto akikaa mbele kushoto, vishikio vya kuongozea vya upande huo huondolewa kwanza. Chini, panga likizunguka, mtoto hushikwa mkono na kupelekwa kutoka mbele, rubani akimwona. Mkiani hakuna anayepita: panga la huko liko usawa wa kichwa, na likizunguka halionekani.