Safari ya Uganda Inakwamia Stejini

Tangu 2014, Mkenya anavuka kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Kwetu sisi wa Kitale na Bungoma, ambao Suam, Lwakhakha na Malaba ndiyo milango yetu ya nje, hilo lilikuwa jambo kubwa. Natumia kiti cha magurudumu, na dada yangu ameolewa Mbale. Taabu yangu haiko mpakani. Iko stejini.

Napanda Kitale, nabadilisha gari Bungoma, ndipo nifike Malaba. Kila gari ni kubebwa. Kijana mmoja hunishika kwapani, mwingine miguuni, wakanipenyeza mlangoni mwa matatu ya abiria 14 huku sketi ikipanda na watu wakitazama. Siwalaumu vijana hao. Hakuna aliyewafundisha namna ya kumsaidia mtu. Kisha kiti hufungwa juu ya keria, nami nikaambiwa nikilipie. Yaani miguu yangu inatozwa nauli kama gunia la mahindi! Na hapo nimebahatika, maana wapo madereva ambao wakiona kiti hukanyaga mafuta.

Kuna wanaoniambia mgonjwa akae nyumbani. Mimi si mgonjwa. Na wagonjwa nao husafiri: hospitali ya CURE iliyoko Mbale hutibu watoto wenye kichwa maji na mgongo wazi, na wamo wanaotoka Kenya. Mtoto wa mgongo wazi hukua, akawa mzito. Mama yake atambeba mgongoni hadi lini?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yatufae. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kikatupa haki ya kuyafikia magari hayo. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya. Mlango wa matatu ni ule ule.

Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti uchukuzi wa ndani na maegesho. Basi Trans Nzoia na Bungoma ziweke sharti: sacco isipewe nafasi stejini bila angalau gari moja lililoondolewa viti viwili karibu na mlango, lenye ubao wa mteremko, na saa zake zijulikane. Kutoza kiti cha magurudumu kupigwe marufuku. Gharama si kisingizio. Fundi wa jua kali anayechomelea mageti hashindwi na ubao wa chuma.

Waheshimiwa madiwani, pitisheni kanuni hiyo. Nawe dereva, usingoje kanuni: tukikupungia mkono, simama.