Mambo ya Nyumbani: Kizimba cha Simbilisi ni Amana



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni nyumba ya simbilisi. Simbilisi ni mnyama mpole, mwenye manyoya na masikio mafupi, asiye na mkia wa kuonekana. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Watoto wetu wakimwona mara moja humtaka, na wazazi wengi hununua mnyama kwanza, kisha ndipo watafute pa kumweka. Hapo ndipo penye kosa.

Kabla hatujaendelea, tuondoe shaka moja. Mzazi mmoja alitujia hapa Segese akasema kwamba mwanawe amesoma shuleni kuwa Waingereza humwita mnyama huyu kwa jina lenye neno nguruwe ndani yake, naye akataka kumtoa nyumbani usiku ule ule. Tulimjibu kwamba jina haligeuzi kitu. Simbilisi hana udugu na nguruwe. Yu katika jamii ya wanyama ambao meno yao ya mbele hayakomi kukua, kama panya na nungu. Ama swali la kula nyama yake, hilo twawaachia masheikh. Leo twasema juu ya kumfuga tu. Na kufuga kiumbe kidogo kwa furaha ya mtoto si jambo geni kwetu. Yajulikana katika hadithi sahihi kwamba Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas, alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali alikuwa akimchangamsha kwa kumwuliza habari zake.

Lakini ruhusa hiyo ina sharti. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie. Tazameni vizuri, ndugu zetu. Aliyemfungia mnyama amemnyang'anya uwezo wa kujitafutia kivuli, chakula na maficho. Basi vyote hivyo vimekuwa deni lake yeye, na mahali pa kulilipa deni hilo ni ndani ya kizimba.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja wanafunzi wetu walileta chuoni simbilisi wawili, majike, walionunuliwa kwa mchimbaji aliyetoka nyanda za juu za kusini. Katika nchi ya Iringa na Njombe, na vilevile Kivu, mashariki mwa Kongo, watu wengi huwafuga sakafuni mwa jiko, kwa kuwa huko ni baridi. Sisi hatukufikiri juu ya tofauti ya nchi. Tuliwatia katika tenga kuukuu la kuku, tukalifunika kwa bati, tukaliweka penye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Tulipotoka katika sala ya adhuhuri, mmoja alikuwa amelala ubavu akihema kwa shida, na kabla ya alasiri alikwisha kufa. Mtoto aliyemleta hakulia. Alituuliza tu: "Maalim, huyu angalikuwa huru, si angalikwenda kivulini?" Hatukuwa na jibu.

Basi jambo la kwanza ni mahali. Simbilisi hastahimili joto. Likizidi nyuzi 30 yumo hatarini, na jike mwenye mimba zaidi. Kizimba kiwe chini ya mti wenye kivuli cha kutwa, au katika baraza ipitayo hewa. Paa la nyasi ni bora kuliko bati. Na mwenye bati aliezeke nyasi juu yake. Upande mmoja uzibwe kwa mbao, nao uelekee kule mvua na upepo vitokako.

Jambo la pili ni nafasi. Simbilisi hapendi upweke, kwa hiyo wafugwe wawili au zaidi. Kwa wawili, kizimba kisipungue urefu wa futi 4 na upana wa futi 2, na kuta ziwe futi 1 na nusu. Hiki ni kipimo cha chini. Mwenye uwezo aongeze. Msiongeze kwa kwenda juu, kwani mnyama huyu si mpandaji. Yeye hukimbia chini. Yafaa kuchagua majike wawili. Mkichanganya dume na jike, mimba huchukua siku 59 hadi 72, na watoto wa kiume yapasa watengwe na mama na dada zao wakifikia wiki 3. Asiyetayarisha kizimba cha pili asimweke dume pamoja na jike.

Jambo la tatu ni sakafu. Watu wengi hutandika waya ili mavi yaanguke chini, wakaona wamepunguza kazi. Kazi wamepunguza kweli, lakini nyayo za mnyama huota vidonda, na mguu wake mwembamba hunasa ukavunjika. Sakafu iwe mbao tupu, na juu yake nyasi kavu kwa wingi au maranda makavu. Vumbi la mbao lisitumike, kwani huingia mapafuni. Waya utumike ubavuni tu, nao uwe mgumu, wenye matundu yasiyozidi nusu inchi. Wavu wa kuku mbwa huurarua, na nyoka mwembamba hupenya. Kizimba kisimame juu ya miguu ya futi 2, na kila mguu uwe ndani ya kopo lenye oili chafu, ili siafu wasipande. Mlango uwe ubavuni, wala usiwe juu, maana mnyama huyu akiona mkono umshukia kutoka juu hudhani ni mwewe.

Ndani yake wekeni kijumba cha kujificha chenye milango miwili, asije mmoja akamzuia mwenziwe. Wekeni kibakuli kizito cha udongo kwa maji, na hori dogo la majani. Majani mabichi hayakosi siku hata moja, kwa kuwa mwili wa simbilisi, kama wetu sisi, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Wala msiwaweke pamoja na sungura: sungura huwapiga mateke, tena aweza kubeba viini vya maradhi ya mapafu bila kuugua yeye mwenyewe.

Asiye na mbao aweza kujenga kwa tofali za udongo, mradi afunike juu kwa waya, kwa ajili ya paka na nguchiro.

Sasa twawaonya hasa ninyi mnaoishi karibu na machimbo. Kwetu mbao kuukuu za maduara, mapipa na madumu hupatikana kwa bei nafuu au bure. Msijengee kizimba kwa vitu hivyo, wala kwa mbao za paa zilizotiwa dawa ya mchwa. Simbilisi hutafuna nyumba yake kutwa kucha, na sumu iliyomo humwingia. Pipa lililobeba sianidi halifai hata likioshwa mara 7. Mchanga wa marudio una zebaki. Msiutandike ndani wala kusiribia sakafu, na majani yaotayo kando ya mwalo msiyakate. Kumbukeni kwamba mkono umlishao mnyama ni wa mtoto wenu, na mkono huo huo ndio atakaolia ugali jioni.

Mwisho ni usafi. Katika madhehebu yetu ya Shafi mavi na mkojo wa mnyama ni najisi, basi kizimba kiwe mbali na mahali pa kusalia na maji ya kutawadhia. Pembe iliyolowa isafishwe kila siku, na matandiko yote yabadilishwe kila wiki. Mtoto apewe kazi hiyo, lakini mzazi aikague. Amana ya mtoto ni amana ya aliyemruhusu.

Ama simbilisi wetu aliyebaki, mtoto yule ndiye aliyeshika futi tulipopima kizimba kipya chini ya mwembe. Siku hizo zote mnyama alilala barazani kwetu, kivulini. Wanafunzi walitaka aletewe mwenziwe upesi, naye mtoto akawaambia wangoje mpaka paa limalizwe kuezekwa. Tukaona kwamba somo tulilokuwa tukilifundisha kwa mdomo miaka mingi, yeye alikwisha kulishika.