Nyota Tano za Kununua



Swali tunaloulizwa sana siku hizi ni hili: tovuti ninayo, mbona nikitafuta Google siioni? Hapo ndipo hujitokeza kijana wa kulipwa, akaahidi kukuweka wa kwanza. Shoga yetu mmoja wa Paje, anayeuza sabuni za mwani, alilipa. Akanunuliwa maoni arobaini ya nyota tano, ya watu ambao sabuni yake hawajaiona wala kuinusa. Mmoja alisifu "chakula kitamu". Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Kwetu sisi huo ni ushahidi wa uongo, hata ukiandikwa kwa simu. Tunaijua sote habari ya Mtume ﷺ sokoni, alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini asikiweke juu kile kilicholowa, watu wakakiona. Nyota za kununua ndicho kile kikavu cha juu. Tusiambiane "kila mtu anafanya". Hiyo haijawahi kuwa dalili ya halali. Google nao wanayakataza maoni hayo, na wakiyagundua huyafuta. Wanasema pia wazi kwamba hakuna awezaye kumdhaminia mtu nafasi ya kwanza.

Kasoro yenyewe ilikuwa kwengine. Tovuti ilijaa picha nzuri, na bei, viungo na mahali duka lilipo vyote vimeandikwa ndani ya picha, wakati Google hutegemea zaidi maandishi ya kawaida. Kichwa cha ukurasa kilikuwa "Karibu". Mgeni aliyeko Ujerumani hatafuti "Karibu", anatafuta sabuni ya mwani ya Zanzibar, tena si kwa Kiswahili. Basi tukakaa naye jioni moja, tukaandika: sabuni ya mwani na karafuu, Paje, bei yake, mwani unavunwa na nani na unaanikwa vipi. Wanawake wa huko wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maneno ya kuandika hayawezi kutukosa! Ukurasa wa pili ukawa wa Kiingereza. Duka likasajiliwa kwenye ramani ya Google, bure, pamoja na saa za kufungua, na za Ramadhani zikifika atazibadilisha.

Maoni anaomba kwa aliyenunua kweli tu, bila kumhonga hata mche mmoja wa sabuni, maana hilo nalo haliruhusiwi.

Yale arobaini ameyaripoti yaondolewe. Sasa anayo matatu. La tatu linalalamika kwamba sabuni inayeyuka upesi. Hakuomba lifutwe. Alimjibu mteja kwamba ni kweli, haina kemikali za kuigandisha, aiweke pakavu. Anayetaka kumsaidia kupiga picha mpya za duka atuandikie.