Wenzo wa Chuma na Wenzo wa Deni



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, watoto wa chuo walipokwisha kutawanyika, alinijia kijana mmoja niliyemsomesha juzuu Amma alipokuwa mdogo. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, akakaa juu ya mkeka asiseme neno. Nilipoona kimya kimezidi nikamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Akanijibu kwa swali ambalo sikulitaraji.

"Maalim, neno *leverage* lina maana gani?"

Elimu yangu ya skuli, kama wasomaji wa ukurasa huu wajuavyo, ni ya msingi tu, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikamwambia anieleze kwanza yeye alilisikia wapi. Akasema amelisikia mahali pawili. Mara ya kwanza ni skuli ya sekondari, katika somo la fizikia, mwalimu alipowafundisha habari za wenzo. Mara ya pili ni katika simu yake, ambamo kampuni moja ya kununua na kuuza sarafu za kigeni ilimwambia kwamba inampa *leverage* ya mia. "Nikadhani, Maalim, kuwa neno ni moja na kitu ni kimoja. Skuli tulisoma kuwa wenzo humfanya mnyonge akainua jiwe kubwa. Basi mbona wenzo wangu umeniangukia mimi?"

Ndipo aliponieleza yaliyomsibu. Mama yake alipokea zamu yake ya upatu, shilingi 400,000, akampa zote akanunue cherehani, kwani kijana huyu amejifunza ushoni. Yeye akaona heri azizalishe kwanza. Akaziingiza nusu katika hiyo kampuni, na kwa siku 3 shilingi 200,000 zikateketea. Zimebaki 200,000 nyingine. Mama hajui. Na lililomleta kwangu ni hili: je, aziingize na hizo zilizobaki ili azikomboe zilizopotea?

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia asiguse kitu mpaka Ijumaa, nami nikaenda kwa wajuao: mwalimu wa fizikia aliye jirani yangu, na mpwa wangu aliyesomea hesabu za biashara. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata kwao, pamoja na yale ninayoyajua kwa kazi yangu.

Tuanze na chuma. Neno hilo la Kiingereza asili yake ni Kilatini, lililopita katika Kifaransa, na maana ya shina lake ni kuinua, au kukifanya kitu kiwe chepesi. Sisi kwetu twaita wenzo, na wingi wake ni nyenzo. Kila aliyewahi kung'oa jiwe la msingi kwa mtaimbo ameutumia. Mtaimbo una urefu wa sentimita 200. Waingiza ncha yake chini ya jiwe, kisha watia kijiwe kidogo chini ya mtaimbo, sentimita 20 kutoka kwenye ncha. Kijiwe hicho ndicho egemeo. Upande wa jiwe una sentimita 20, na upande wa mkono wako una sentimita 180, yaani mara 9. Basi, tukiuacha uzito wa mtaimbo wenyewe, jiwe la kilo 90 utaliinua kwa nguvu ya kuinulia kilo 10.

Kanuni hii ilithibitishwa kwa hesabu na Archimedes, mtu wa Sirakusa katika kisiwa cha Sicily, aliyeishi karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Yasimuliwa kuwa alijigamba kwamba lau angepewa mahali pa kusimama angaliisogeza dunia. Wanavyuoni wa nchi za Kiislamu nao waliishughulikia sana elimu hii, kwa kuwa mizani ni wenzo vilevile. Thabit bin Qurra, aliyefariki mwaka 901, aliandika kitabu juu ya mizani ya fimbo moja, ile ambayo mkono wake mmoja ni mfupi na mwingine ni mrefu. Na Al-Khazini alikamilisha kitabu chake kiitwacho Mizani ya Hikima mwaka 1121. 

Lakini mwalimu jirani yangu alinitanabahisha jambo ambalo kijana wetu hakulishika alipokuwa darasani. Wenzo haukupi kitu bure. Ili jiwe lile lipande sentimita 10, mkono wako hauna budi kushuka sentimita 90. Ulichopata katika nguvu umekilipa katika mwendo. Na jambo la pili ni zito zaidi. Jiwe likiteleza na kuanguka sentimita 10, ncha ya mtaimbo iliyo mkononi mwako hurushwa juu sentimita 90, na kwa kasi mara 9. Waashi wajua, na wako walioota mapengo kwa sababu hiyo. Wenzo haujui kuinua tu. Huzidisha kila mwendo unaopita juu yake, uwe wa kupanda au wa kushuka.

Sasa tuje kwenye fedha. Mpwa wangu aliniambia kuwa neno lenyewe lilikuwa la mafundi tangu karne ya 18, na kwamba ni huko Marekani, katika miaka ya 1930, lilipoanza kutumika kwa maana ya kufanya biashara kwa fedha za kukopa. Waingereza wao mara nyingi hutumia neno jingine kwa jambo hilohilo, *gearing*, nalo pia limetoka kwa mafundi, katika magurudumu yenye meno. Fikiri baiskeli. Gurudumu la mbele lenye meno 48 likivuta la nyuma lenye meno 16, zungusho moja la mguu huzungusha gurudumu la nyuma mara 3. Katika tambarare wapaa kama ndege, ama katika mlima mguu ndio ulipao.

Na tusistaajabu kuona neno la fundi likihamia kwa tajiri, kwani hata kwetu imekuwa hivyo. Nyenzo zilikuwa magogo na vyuma vya kusukumia vyombo na kuinulia mizigo, na leo katika maofisi mtu akisema hana nyenzo, maana yake hana vifaa wala fedha za kufanyia kazi. Neno limesafiri. Hatari ni pale mtu anapodhani kuwa kitu nacho kimesafiri nalo, kikabaki vilevile.

Tazama hesabu. Mfanyabiashara ana shilingi 1,000,000 zake mwenyewe. Akinunua bidhaa kwa hizo na bei ikapanda sehemu 10 katika 100, amepata 100,000. Ikishuka sehemu 10 katika 100, amepoteza 100,000, na 900,000 zimebaki za kuanzia tena. Sasa mtu huyo akope 9,000,000, anunue bidhaa za 10,000,000. Bei ikipanda sehemu 10, amepata 1,000,000, na mtaji wake umekuwa mara 2. Hapo ndipo watu wapigapo makofi. Ama bei ikishuka sehemu 10 hizohizo, shilingi 1,000,000 zake zote zimekwenda, hana kitu, na yule aliyemkopesha angali anadai 9,000,000 zake pamoja na riba.

Kwa kijana wetu wenzo ulikuwa mrefu kuliko huo. *Leverage* ya mia maana yake ni kuwa kwa shilingi 200,000 alikuwa akichezesha sarafu za shilingi 20,000,000. Sarafu ikimwendea kinyume sehemu 1 tu katika 100, shilingi 200,000 zimekwisha. Na sarafu kubwa za dunia huweza kupanda au kushuka kiasi hicho kwa siku moja au mbili, bila ya vita wala tufani, kwa habari tu iliyosemwa mahali.

Asidhani mtu kuwa haya huwapata wajinga peke yao. Mwaka 1929 huko Marekani watu wengi walikuwa wakinunua hisa kwa kutoa fungu dogo la thamani yake, na sehemu iliyobaki wakiikopa. Bei zilipoporomoka mwezi wa Oktoba, waliokopesha walidai chao, hisa zikauzwa kwa nguvu, na kule kuuza kukazidi kuziporomosha bei. Na mwaka 1998 palikuwa na kampuni moja huko huko, jina lake Long-Term Capital Management, ambayo miongoni mwa wakuu wake walikuwemo Myron Scholes na Robert Merton, waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mwanzo wa mwaka ule walikuwa na dola bilioni 4.7 zao wenyewe, na juu yake wamekopa zaidi ya bilioni 120. Urusi ilipotangaza mwezi wa Agosti kuwa hailipi baadhi ya madeni yake, masoko yalitikisika, na katika miezi michache karibu mtaji wote wa kampuni ile ukapotea. Mwezi wa Septemba mabenki na makampuni 14 yalikusanya dola kiasi cha bilioni 3.6 kuizuia isianguke na kuwaangukia wengine. Hao walikuwa mabingwa wa hesabu wa dunia nzima. Je, mwanafunzi wa ushoni na simu yake?

Ulaya nako, wasimamizi wa masoko walipochunguza mwaka 2018 biashara za namna hii, waliona kuwa katika kila akaunti 100 za watu wa kawaida, baina ya 74 na 89 hupoteza fedha. Kwa sababu hiyo wakaweka mpaka: kwa sarafu kubwa wenzo usizidi mara 30. Kijana wetu alipewa 100.

Sasa, ndugu zangu, tupambanue wenzo wa chuma na wenzo wa deni, maana jina limewaunganisha na hali imewatenga. Kwanza, mtaimbo ni wako au umeuazima kwa jirani, wala haukudai kodi kwa kila saa ambayo jiwe halijainuka. Deni la riba huzidi usiku na mchana, ukifanya kazi au ukilala. Pili, hakuna ajaye kuuchomoa mtaimbo mkononi mwako jiwe likiwa hewani. Ama mwenye kukopesha aweza kuifunga biashara yako saa ileile ambayo bei iko chini, nawe ukabaki na hasara iliyokwisha kuwa kweli. Tatu, wenzo wa chuma huinua jiwe lililopo. Wenzo wa simu huinua namba tu, kwani sarafu zile kijana hakuzikabidhiwa wala hakuziona.

Na hapa ndipo dini inapohusika. Kukopa si haramu. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alifariki na deraya yake ingali rehani kwa shayiri aliyoichukua kwa ajili ya chakula cha ahali zake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani imekuja kutufundisha namna ya kuliandika deni na kulishuhudisha, na katika sura hiyohiyo tumeamrishwa kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Lakini Mtume huyohuyo alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na uzito wa deni. Na biashara hii ya kukopeshwa na dalali ili ufanye naye biashara ilitazamwa na Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka mwaka 2006, wakaona haijuzu, kwa sababu ya riba iliyomo, na mkopo unaofungamanishwa na manufaa ya mkopeshaji, na madhara yake kwa watu.

Sharia haikumwacha mnyonge bila ya wenzo. Imempa ushirika. Mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi yake. Faida hugawanywa kama walivyoagana, na hasara ya mali, ikiwa hapakuwa na uzembe wala hiyana, humwangukia mwenye mtaji, naye mfanya kazi amekwisha kupoteza taabu yake. Hapo wote wawili wameshika mtaimbo mmoja, na jiwe likiteleza, wote waumia. Ndiyo maana kila mmoja huliangalia jiwe.

Ijumaa kijana alirudi. Nikamweleza haya, naye akayafahamu upesi kuliko nilivyoyafahamu mimi. Kisha akauliza, "Na zilizopotea, Maalim?"

Nikamwambia, "Zilizopotea zimepotea, mwanangu. Usilitume la pili kulitafuta la kwanza. Lakini hizo 200,000 zilizobaki si zako. Ni za mama yako, nawe leo kabla ya Magharibi utampelekea mkononi, na utamwambia yote."

Alilia. Akaniomba nifuatane naye, nikafuatana naye mpaka mlangoni, nisiingie. Kukiri ni kazi ya mtu mwenyewe.

Nimepata habari kuwa mama yule alinyamaza siku 2. Siku ya 3 alimchukua mwanawe kwa fundi mmoja mtaani, wakaagana ashone kwa cherehani ya fundi, na wagawane kile kinachopatikana. Zile 200,000 mama amezifunga kitamboni, na kila mwisho wa wiki kijana huongeza kidogo juu yake. Haba na haba hujaza kibaba. Yaonekana ni polepole, lakini hakuna usiku unaozipunguza.

Enyi wazazi, waulizeni watoto wenu wanafanya nini na simu zao, nanyi mwaulize kwa upole, ili mwenye kuteleza apate mlango wa kurudia. Nanyi vijana, mkilisikia neno tamu la kigeni, liulizeni lilitoka wapi na lilimfanya nini aliyelishika kabla yenu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na ambaye amekwisha kuteleza, asione haya kukaa juu ya mkeka wa mwalimu wake.

Wassalaam.