Jembe Tuliwapa, Kipande Je?

Ndugu wafanyakazi,

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami nauliza, mtu ambaye babu yake alipewa jembe hilo kabla ya Uhuru, naye angali mgeni?

Katika wilaya yetu na huko Kwale mashamba ya mkonge yalistawi kwa jasho la watu waliotoka mbali. Miongoni mwao ni Wamakonde wa Msumbiji. Walikata mkonge, wakazaa, wakazikwa huku. Wajukuu wao hawajui kwao kwingine, lakini wengi walikua bila kipande.

Hapa Mbololo nilifanya kazi na mmoja wa namna hiyo. Alikuwa kibarua, Kitaita anakisema kama mimi. Siku alipovunjika mguu kazini, tajiri wake alisema jina lake halimo kitabuni. Tulichanga sisi maskini wenzake. Asiye na kipande hana akiba ya uzeeni, wala simu hawezi kuisajili kwa jina lake.

Wako wanaosema, "Wakipewa kipande watatunyang'anya kazi." Ndugu, fikirini vizuri. Asiye na kipande ndiye anayekubali nusu ya mshahara, kwa maana hana pa kushtaki. Tajiri humpenda huyo, na mshahara wako wewe hushuka. Mwenye haki zake atasimama nawe katika chama.

Sheria haikuwasahau kabisa. Sheria ya Uraia ya 2011 iliwapa nafasi wasio na nchi, waliokaa Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, waombe kuandikishwa, na watoto wao pia. Lakini iliweka muda wa miaka 5, na nyongeza isiyozidi 3. Muda huo ulipita, na huku mashambani ni wangapi waliosikia habari zake?

Wamakonde wa Kwale hawakungoja. Oktoba 2016 walifunga safari hadi Nairobi kumwona Rais, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vipande. Wapemba nao walikubaliwa 2023. Basi mlango hufunguka ukibishwa na wengi.

Kwa hiyo naomba chama chetu kifanye mambo mawili. Kwanza, kila tawi liandike majina ya wenzetu wasio na kipande, na sisi majirani tuwe tayari kuwashuhudia mbele ya chifu kwamba tumekua nao. Pili, viongozi wetu wadai Bungeni kwamba muda ule ufunguliwe tena, na safari hii habari zitangazwe mpaka makambini.

Wazee wetu walikichukia kipande cha mkoloni kwa sababu kilitundikwa shingoni kuwafunga. Kipande cha leo humfungua mtu. Tusikae kimya mwenzetu akinyimwa.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Reli, Mbololo