Timu ya Kata na Macho ya Shule Kubwa



Mahindi ya masika yamepaliliwa na mbolea ya kukuzia imewekwa. Sasa ni muhula wa pili, na hapa kwetu magharibi mwa Kenya muhula wa pili ni wa kandanda. Ukienda sokoni, ukienda mahali pa kupimia miwa, hata ukija kwenye baraza la chifu, habari ni moja: timu ya shule yetu itafika wapi mwaka huu?

Kwa hiyo mwezi huu naacha habari za viwavi, nazungumza juu ya mpira wa shule. Msiniulize bwana shamba ana kazi gani na mpira. Wachezaji ni watoto wa wakulima. Uwanja ni ardhi. Chakula chao hutoka shambani. Tena wako watu wanaopita vijijini wakitafuta wachezaji kama madalali wanavyotafuta ng'ombe. Jambo hilo linamhusu kila mzazi.

NJIA YENYEWE

Kwanza tuijue njia. Shule huanza kwa kucheza na shule jirani. Wanaoshinda huenda kaunti ndogo. Kutoka hapo huenda kaunti, kisha kanda. Kanda ni 8, na mipaka yake ni ile ya mikoa ya zamani. Tangu mwaka 2013 tunaongozwa kwa kaunti 47, lakini katika michezo ya shule mikoa ile bado inaishi. Kanda yetu ya Magharibi ina kaunti 4: Kakamega, Bungoma, Vihiga na Busia. Kwa kawaida bingwa wa kanda ndiye huenda fainali za taifa. Wanaofanya vizuri huko huvuka kwenda mashindano ya Afrika Mashariki, mwezi wa Agosti.

Mnaona jinsi mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Tazameni Shule ya Kakamega na Shule ya Musingu. Kakamega iko mjini. Vijana wake huitwa Green Commandos, na wametwaa ubingwa wa taifa mara nyingi. Musingu iko upande wa Ikolomani, na jina lake ni Scorpions, yaani nge. Timu hizi mbili zinaogopwa Kenya nzima, lakini ziko katika kaunti moja. Haziwezi kungoja kukutana kwenye fainali za taifa. Hukutana mapema, nyumbani, na moja hurudi darasani wakati timu dhaifu kuliko yenyewe kutoka kanda nyingine inapanda basi.

St. Anthony ya Kitale nayo ni jirani wa watu wa Bungoma. Wanauza mahindi soko moja. Lakini Kitale ni Bonde la Ufa, basi timu za Bungoma hazikutani nayo njiani. Mpaka uliochorwa enzi za mkoloni ndio unaoamua nani atamtoa nani.

Siku ya Kakamega na Musingu haina haja ya tangazo. Wenye isukuti huja na ngoma zao, kubwa, ya kati na ndogo. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nadhani waliopendekeza hivyo hawakuwahi kufika katika mechi hii. Watu wa nchi hii wamezoea ushindani tangu zamani, kwa sababu hapa hata mafahali hupiganishwa na ukoo mzima ukatembea nyuma ya fahali wake ukiimba. Fahali akishindwa watu huenda nyumbani kwa amani. Ingefaa hivyo hivyo kwa refa. Yeye pia ana watoto, na anayemrushia jiwe anaweza kuifanya shule yake mwenyewe ifungiwe.

HESABU YA KUNDI

Sasa shule ndogo ya kutwa ina nafasi gani? Ina nafasi kuliko watu wanavyodhani, lakini lazima ijue hesabu. Wengi wetu tunaondoka uwanjani mapema kwa sababu hatukuhesabu.

Kundi likiwa na timu 4, kila timu hucheza mechi 3. Kushinda ni alama 3, sare ni alama 1, kushindwa hakuna kitu. Tuseme timu 2 za juu ndizo zinazoendelea. Je, alama 6 zinatosha? Si lazima. Timu ya nne ikishindwa na wote, na zile tatu zikashindana kwa zamu, kila moja itakuwa na alama 6. Hapo mmoja atatolewa kwa mabao tu. Na alama 2 je? Zinaweza kukuvusha! Timu moja ikiwashinda wote ipate 9, na tatu zilizobaki zitoke sare zenyewe kwa zenyewe, kila moja ina alama 2, na moja yao itapita.

Kwa hiyo bao la tano dhidi ya timu dhaifu si majivuno. Ni akiba. Na ukiwa umefungwa 2 na timu kubwa, kuzuia la tatu ni kazi yenye faida. Nimeona vijana wakilala chini na kulia dakika ya 60, wakafungwa mengine matatu, kumbe yale mawili ya kwanza wangeweza kuyabeba.

WANUNUZI WA WACHEZAJI

Sasa nifikie jambo linalonikera. Kijana akifunga mabao katika mechi za eneo, kabla ya wiki mbili kuna mgeni nyumbani kwao. Anasema ametumwa na shule kubwa. Anasema karo italipwa. Mzazi anaona mlango wa mbinguni umefunguka.

Simlaumu mzazi. Karo iliyotangazwa kwa bweni la shule ya kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Mwenye nusu eka ya miwa anajua ni miezi mingapi ya kungoja. Katika shule ya kutwa serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mzazi akabaki na chakula, sare na madogo mengine. Kwa hiyo anayesema "tutalipa yote" anasema neno zito.

Mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha njiani nikitoka kukagua kahawa.

"Bwana shamba, wewe husoma karatasi za serikali. Nisomee hii."

Mama huyu anasoma mwenyewe. Amekuwa darasa la watu wazima mwaka mzima. Alitaka tu kujua kama ameelewa vizuri. Karatasi ilisema mwanawe, aliye Kidato cha Tatu, atasoma bure "muda wote atakapokuwa katika timu". Haikuwa na muhuri. Haikuwa na jina la mwalimu mkuu.

"Mama," nikamwambia, "umesoma sawa. Sasa soma tena maneno haya: muda wote atakapokuwa katika timu."

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na akivunjika mguu?"

Hilo ndilo swali, na aliliuliza yeye. Akivunjika mguu mwezi wa Julai, nani analipa karo ya Septemba? Nani analipa hospitali? Je, kitanda chake cha bweni kitampa kijana mwingine mwenye miguu mizima? Nikamwongezea la masomo. Kijana huyu atafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027, na huo ndio mwaka wa mwisho wa mtihani huo. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 unamalizika na darasa lake. Nyuma yake hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza. Zamani kijana aliyepoteza mwaka kwa mpira aliweza kurudia na wale waliomfuata. Huyu hana wa kurudia nao.

Mama akampelekea yule mgeni maswali yake, akayaandika kwa mkono wake mwenyewe: karo hadi mtihani wa mwisho, hata akiumia, hospitali, na muhuri wa shule. Mgeni alisema atarudi na karatasi nyingine. Mpaka ninapoandika hajarudi. Kijana anaichezea shule yetu ya kata, na mechi iliyopita alipiga pasi mbili za mabao.

Kuna shule kubwa zinazotimiza ahadi, na wapo vijana wa maskini waliosomeshwa na mpira mpaka chuo kikuu. Ikija karatasi yenye muhuri na majibu, kaeni na kijana na mwalimu wake muizungumze. Lakini ahadi ya mdomo itendeeni kama mnavyomtendea mtu anayewauzia mbegu bila pakiti.

Na shule kubwa nazo zifikiri. Zikichukua mshambuliaji wa kila kata, zitashinda mechi za kaunti ndogo 7 kwa 0. Mechi kama hizo hazimkomazi mtu. Wakikutana na wenye nguvu huko kitaifa watashtuka.

MFUMO MPYA

Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za upili. Wanafunzi hawa watakaa miaka 3, si 4 kama zamani. Mmoja wa mikondo mitatu wanayochagua ni sanaa na michezo. Maana yake mpira unaweza kuwa somo la darasani.

Kwa shule kubwa hili lina ugumu. Kocha aliyekuwa akimpata mvulana wa miaka 14 na kumlea miaka minne, sasa atampata amekwisha kukua, na atakuwa naye muda mfupi. Kwa sisi wa vijijini kuna nafuu. Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 ziko katika shule za msingi, hapa hapa karibu na nyumbani. Miaka ambayo mguu unajifunza mpira iko mikononi mwetu. Kama uwanja wa shule ya msingi ni malisho ya ng'ombe na madimbwi, tusishangae.

Na tusisahau wasichana. Lugulu ya Bungoma na Malava ya Kakamega zimejulikana nchini kote kwa voliboli ya wasichana. Wachezaji wao walitoka katika nyumba kama zetu, za kuteka maji na kuchanja kuni. Kaka anaporuhusiwa kwenda mazoezi saa kumi na dada anaambiwa awashe moto, tunapoteza timu nzima bila kujua. Kuni anaweza kuchanja kaka asubuhi.

UWANJA NI SHAMBA

Hapa sasa niko katika kazi yangu. Uwanja wa shule yetu umelala chini ya mteremko, na maji yote ya barabarani huingia langoni upande wa kaskazini. Dawa ni ile ile ya shambani. Chimbeni mtaro upande wa juu, uyakate maji kabla hayajafika, uyapeleke kwenye nyasi au migomba. Udongo unaotoka mtaroni usitupwe. Utandazwe katikati ya uwanja, ili katikati pawe juu kidogo kuliko kando.

Penye upara pandeni nyasi fupi za kutambaa wakati mvua ipo. Vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja kiwe na vifundo, vifukiwe nusu katika mistari iliyoachana futi moja. Samadi iliyooza vizuri husaidia sana. Kisha ng'ombe wasiingie mpaka nyasi zishike. Najua hapo ndipo ugomvi utaanza. Mwenye ng'ombe aambiwe sasa, mbele ya naibu wa chifu, asije akasema hakusikia.

Neno moja juu ya mistari. Msichore uwanja kwa chokaa ya kujengea ambayo haijazimwa. Huunguza ngozi na macho, na golikipa huanguka juu yake kila mara. Tumieni unga wa mbao, au chokaa ya shambani, ile ya mawe yaliyosagwa tunayotia katika udongo mchachu. Hiyo haichomi, na ikisombwa na mvua inalisha nyasi zenu.

Chakula cha siku ya mechi ni hiki tunacholima: ugali, maharagwe au omena, na mboga, saa tatu hivi kabla ya kipenga. Maji yawepo. Na asubuhi ya siku hiyo mwacheni kijana, asipewe jembe. Mstari wa mahindi utamngoja.

Kazi ya mtaro tumepanga Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwalimu mkuu ametoa toroli mbili. Tunahitaji majembe, sururu na mtu mwenye kamba ndefu ya kupimia. Mwezi ujao nitarudi kwenye mahindi, jinsi ya kuyakausha kabla ya kuyaweka ghalani.